Mara ya pili nilihesabu kutoka kwenye yai

Mara ya kwanza mbwa wangu Chausiku alipopandwa, sikuwa na shaka kwamba amebeba. Tumbo lilijaa, chuchu zikavimba, maziwa yakatoka, na wiki ya tisa akaanza kukwangua matandiko akitafuta pa kuzalia. Siku zikapita bila mtoto hata mmoja. Daktari wa mifugo akampima kwa ultrasaundi, akaniambia, "Dada, hapa hakuna kitu. Ni mimba ya uongo."

Niliumia sana. Nikamwomba anieleze.

Kumbe kwa mbwa, projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, haitoki kwenye kondo la nyuma. Hutoka kwenye ovari tu, kwenye vinundu vinavyobaki mayai yakishatoka. Vinundu hivyo hufanya kazi kama miezi miwili, jike awe amebeba au hajabeba. Projesteroni ikishuka, prolaktini, homoni ya maziwa, hupanda na maziwa huja. Ndiyo maana nilidanganyika! Homoni nyingine, relaksini, ndiyo inayotengenezwa na kondo, kwa hiyo jike asiye na mimba hana.

Alipoingia tena kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, tulimpima damu kila baada ya siku mbili. Projesteroni ilipofika nanogramu 5 kwa mililita, daktari alisema mayai yanatoka. Nikaiandika tarehe hiyo kwenye daftari. Alipandwa siku mbili baadaye. Siku ya 30 tukapima relaksini, ikaonekana. Nilimkumbatia mbwa wangu palepale kliniki.

Ukihesabu kuanzia siku ya kupandwa, kuzaa kunaweza kuangukia popote kati ya siku ya 57 na ya 72, maana mbegu za dume hukaa hai siku kadhaa tumboni mwa jike. Ukihesabu kuanzia yai kutoka, ni siku 63, ikipishana ni siku moja au mbili tu. Kwa mtu anayelala macho akisubiri, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kuanzia siku ya 57 nilimpima joto mara tatu kwa siku, kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa kilichopakwa mafuta. Lilikuwa 38.1, 38.0, 38.2. Jioni ya siku ya 62 likasoma 36.9. Kondo lilikuwa limeshatoa prostaglandini, kemikali ya mwili, vinundu vya ovari vikafa, projesteroni ikaanguka, na joto likafuata. Nikampigia daktari, nikatandika mashuka safi, nikakaa chini kando yake.

Mtoto wa kwanza alitoka alfajiri, kisha maji ya kijani. Nilikuwa nimeshaambiwa: kijani hicho hutoka kwenye ukingo wa kondo linapobanduka. Kikitangulia kabla ya mtoto wa kwanza, unakimbilia kwa daktari bila kungoja. Kikija baada yake, ni kawaida.

Kila mtoto ana kondo lake, lililomzunguka kama mkanda, na Chausiku alikuwa anayala makondo hayo upesi, basi sikuthubutu kuondoka nisije nikapoteza hesabu. Hadi saa nne asubuhi nilikuwa na watoto sita na makondo matano. La sita lilitoka saa tano kasoro, Chausiku akalala.