Kisanduku cheusi juu ya picha ya bahari

Mama mwenye nyumba ya wageni huko Pangani alitaka ukurasa wa kwanza wa tovuti yake ujae picha moja: mchanga mweupe, bahari, na anga ya saa sita mchana. Juu yake yakae maandishi meupe ndani ya kisanduku cheusi ambacho bahari bado inaonekana nyuma yake. "Mwanangu, picha isifichike, lakini bei mtu aisome hata akiwa juani," aliniambia. Mambo hayo mawili yanavutana, na uamuzi wangu wote ulitoka hapo.

Wengi huanza na opacity, amri ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti) inayofifisha kitu ili cha nyuma kionekane, kuanzia 1 kisichofifia hadi 0 kisichoonekana, kwa sababu ni mstari mmoja tu. Shida yake ni kwamba hufifisha kisanduku na kila kilichomo. Ukiweka 0.5, weusi unafifia nusu na maandishi nayo yanafifia nusu. Hata ukiyapa maandishi opacity ya 1 hayaokoki, maana kivinjari hukichora kisanduku kizima pamoja na maandishi yake, ndipo kikififishe chote.

Kwa hiyo usuli wa kisanduku niliupa rangi ya rgba, yaani rangi inayoandikwa kwa namba nne: nyekundu, kijani, bluu, na ya mwisho inayosema rangi hiyo ifunike kiasi gani. Hiyo hugusa rangi ya usuli peke yake. Maandishi yanabaki meupe kabisa. Kilichobaki ni kuchagua namba ya mwisho, na hapa naomba wabunifu wenzangu tusikisie kwa macho. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nilichukua sehemu mbaya kuliko zote, yaani mchanga mweupe pe. Weusi wa 0.5 juu ya weupe huo unatoa kijivu ambacho maandishi meupe yanapata juu yake kama 3.95 tu. Haitoshi. Kwa 0.6 uwiano unapanda hadi 5.74. Na kwa kuwa kila sehemu nyingine ya picha ina giza kuliko mchanga, ukishapita pale umepita kote, hata mteja akibadilisha picha mwakani.

Nilijaribu pia backdrop-filter, amri nyingine ya CSS, ile inayotia ukungu kilicho nyuma kama kioo cha bafuni. Inapendeza sana, sikatai. Lakini kwenye simu ya bei nafuu niliyojaribia, ukurasa ulikwamakwama kila nikiusogeza, na kivinjari cha Firefox kilianza kuikubali mwaka 2022 tu, katika toleo la 103. Wageni wengi wa mama huyu wanatafuta chumba kwa simu za aina hiyo, wakiwa safarini. Niliiacha.

Njia nyingine ni picha ya PNG, aina ya faili inayoweza kuwa na sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma, yaani uangavu. Niliitumia kwenye nembo tu, kwani JPEG, aina ya kawaida ya faili za picha, haihifadhi uangavu. Kutengeneza kisanduku kwa PNG kungenilazimu kufungua programu ya picha kila ninapotaka kubadilisha weusi kidogo.

Opacity nayo ilipata kazi yake. Kadi za vyumba vilivyojaa nazififisha kwa 0.6, picha, jina na bei kwa pamoja, kwa sababu pale nataka kadi nzima irudi nyuma. Neno "Kimejaa" nimeliweka nje ya kadi ili lenyewe lisififie.