Taima yenye haikuzimwa: kasoro ya CVE-2016-8655 kwa kerneli ya Linux

Ukiwasha tcpdump, programu ya kuangalia trafiki ya mtandao, kwa seva yako, hata ile mashine ya zamani yenye iko chini ya meza kwa saiba moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, karibu kila mara uko unatumia PACKET_MMAP bila kujua. Kawaida paketi ikifika, kerneli (kiini cha Linux, yenye inasimamia mashine yote) inaiweka kwa memori yake, programu inaomba, kerneli inakopi, programu inaomba tena, na kila ombi ni safari ya kuingia kwa kerneli na kutoka, kwa hiyo trafiki ikiwa nyingi prosesa inachoka kwa hizo safari tu. PACKET_MMAP inakata hiyo habari: programu inaomba kerneli itenge bafa ya duara, ni kusema kipande cha memori chenye kikijaa kinaanza tena mwanzo, halafu kwa mmap hiyo bafa inaonekana pande zote mbili, memori ni ileile moja. Kila fremu iko na alama. TP_STATUS_KERNEL, bado ni ya kerneli. TP_STATUS_USER, soma, ukimaliza rudisha alama. Basi. Mi naipenda hii kazi kweli, ni kodi ya watu wenye akili.

Sasa mwaka 2011 wakaongeza aina ya tatu, TPACKET_V3, na humo ndimo iliingia kasoro yenye inaweza kumfanya mtumiaji wa kawaida awe root, mwenye amri yote juu ya mashine. Kwa V3 paketi zinapangwa ndani ya bloku kubwa, na kerneli inakupatia bloku nzima ikijaa. Lakini kama trafiki ni kidogo, kama saa tisa ya usiku hapa kwetu, bloku inaweza kukawia sana kujaa na programu inabaki inangoja paketi zenye zimeshafika. Ndiyo maana wakaweka taima, saa ya kuhesabu muda: muda ukiisha, bloku inafungwa hata kama haijajaa na inapewa programu. V1 na V2 hazina hiyo taima. Shika hapo, juu ndiyo mambo yote.

Leki mmoja, kijana mdogo wangu tunafanya naye kazi, aliniuliza, "Yaya, taima inawezaje kumpa mtu root?" Swali nzuri, na watu wengi wanasoma tu tangazo la usalama wanapita, kwa hiyo naielezea polepole.

Soketi moja (mlango wa programu kwa mtandao), thredi mbili (kazi mbili za programu moja zinatembea pamoja). Thredi ya kwanza inaomba bafa ya V3. Kerneli inaingia kwa fanksheni packet_set_ring, inatenga memori, inaona "aa hii ni V3", inatayarisha taima, lakini bafa yenyewe bado haijaisajili kwa soketi. Kwa hako kanafasi kadogo kabisa thredi ya pili inaingia na kusema: badilisha soketi hii iwe V1. Kerneli inaangalia kama soketi iko na bafa tayari, juu sheria inakataza kubadilisha kama bafa iko. Inaona hakuna. Inakubali. Thredi ya kwanza inamaliza kazi yake, na sasa tuko na soketi yenye inajiita V1 lakini taima ya V3 inatembea ndani yake.

Halafu unafunga soketi. Kodi ya kufunga inauliza: wewe ni V3? Hapana, mi ni V1. Basi hakuna taima ya kuzima, memori ya soketi inaachiliwa. Kisha muda unaisha, kerneli inaenda kuita ile taima mahali ilikuwa, na pale sasa hivi kuna kitu kingine. Kama mshambuliaji amewahi kujaza ile memori na vitu vyake, ni yeye anachagua anwani ya fanksheni yenye kerneli itaita. Hapo mashine si yako tena.

Philip Pettersson ndiye aliyeigundua na kuirekebisha, ikatangazwa Desemba 2016. Miaka mitano iko mule ndani! Na dawa ni mistari michache: shika kufuli ya soketi, yenye inazuia thredi nyingine isiiguse, mbele ya kuangalia na kubadilisha, si nyuma. Kuangalia kulikuwepo tangu mwanzo, aliyeandika alifikiria hatari, lakini aliangalia bila kufuli, na kati ya kuangalia na kutenda mwingine akapita.

Kuna kitu kingine yenye inanihangaisha zaidi. Kufungua soketi ya namna hii unahitaji ruhusa ya CAP_NET_RAW, yaani kwa kawaida root, kwa hiyo mwaka 2011 kasoro hii haikuwa na uzito sana. Lakini Linux 3.8 ya mwaka 2013 iliruhusu mtumiaji wa kawaida kutengeneza user namespace yake, chumba chake cha pekee ndani ya mashine, na humo anapata hiyo ruhusa. Kodi yenye iliandikwa kwa kufikiria kwamba ni root tu atafika hapo, ghafla kila mtu anafika. Na haikuisha: 2017 Andrey Konovalov alipata nyingine kwa fanksheni ileile, CVE-2017-7308, safari hii hesabu ya kutoa ya ukubwa wa bloku, na 2020 ikaja CVE-2020-14386 kwa fanksheni nyingine, tpacket_rcv.

Firewall haisaidii hapa, juu mshambuliaji ni mtu yenye tayari iko na akaunti kwa mashine, mwanafunzi, stajiere, ama saiti moja ya mteja yenye imeingiliwa. Fanya uname -r uone ni kerneli gani inatembea. Huku tukipata mashine yenye inavumilia kukatika kwa umeme tunaogopa kuizima, inakaa miezi na miezi, pakiti za kerneli mpya zimeinstaliwa lakini yenye inatembea ni ileile ya zamani. Irestati, tafadhali. Na kwa seva ya Debian ama Ubuntu yenye watu wengi wanaingia, zima hizo user namespace kwa watumiaji wa kawaida: weka kernel.unprivileged_userns_clone=0 kwa sysctl, mipangilio ya kerneli; kwingine, kuanzia Linux 4.9, user.max_user_namespaces=0. Ila kama unatembeza kontena zisizo na root, jaribu kwanza pembeni, zitakataa kuwaka.