Nasubiri umeme ukatike

Jana umeme ulikatika saa tatu kasoro usiku, nikafurahi. Feni ikazima, friji ya jirani ikanyamaza, redio za mtaa mzima zikafa. Nikawasha laptopu kwa betri, nikachomeka kiboksi changu cha kurekodia, nikamwita Baba mdogo.

Tabia hii ya kurekodi kwa betri niliianza enzi za saundi kadi ya ndani, yaani kile kifaa cha kompyuta kinachoingiza na kutoa sauti. Nasema "ya ndani" kwa sababu mtaani ukitaja saundi kadi, maprodyuza wanaelewa intafesi, kile kiboksi cha nje cha USB. Mimi nilianza na ile iliyomo kwenye mashine yenyewe, yenye kitundu cha milimita 3.5. Nikichomeka chaja tu, mvumo huo: mmmm nzito ya umeme wa hezi 50, na juu yake kijilio chembamba kinachobadilika kila nikisogeza mausi. Nikichomoa chaja, kimya. Basi nikawa narekodi kwa betri, na betri yenyewe ilikuwa ya dakika arobaini. Ukikosea mara tatu, kesho.

Maiki ilikuwa dainamiki, ile ya majukwaani isiyohitaji umeme, nimeibadilisha kichwa cha waya ili iingie. Sauti hafifu. Nikapandisha nguvu ya maiki kwenye Windows, desibeli 20, kisha 30, na ule ushhh nao ukapanda. Sikilaumu kitundu kile. Kiliwekwa kwa ajili ya vimaiki vya hedifoni vya kuongelea.

Ila kilichonitoa pesa mfukoni hakikuwa kelele. Baba mdogo anapiga udi (wa nyuzi, si wa kufukiza). Siku moja nilimrekodi akipiga, kisha nikamvalisha hedifoni aimbe juu yake. Mstari wa pili akasimama.

"Mwanangu, mbona sauti yangu inanifuata nyuma?"

Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kwanza ndipo ilishughulikie, ilikuwa sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, hizo ni milisekunde 23 kuingia na 23 kutoka, kabla Windows haijaongeza zake. Sauti hewani hwenda kama sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo mzee alikuwa anajisikia kama mtu aliyesimama mita 15 na ushee kutoka kwenye spika yake mwenyewe. Nani ataimba hivyo? Nikashusha bafa hadi 128, kompyuta ikashindwa kuwahi, sauti ikatatarika kama mafuta yaliyoingia maji. Nikaweka ASIO4ALL, programu ya bure ya kupunguza ucheleweshaji huo, ikasaidia nusunusu.

Kiboksi kilimaliza ugomvi kwa swichi moja: sauti ya maiki inakwenda hedifoni moja kwa moja bila kuzungukia kwenye kompyuta. Hicho ndicho nilicholipia. Ubishi wa biti 16 na biti 24, yaani sauti ipimwe kwa undani gani, nawaachia wenye vyumba vya kimya.

Changu si cha kimya. Kiboksi kinatoa volti 48 za kuendesha maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, nikashawishika kuinunua, na kondensa haina siri. Bodaboda, jogoo, bati likijikunja jua linapozama, vyote vimo. Kumbe ule mvumo wa zamani ulikuwa umevifunika. Nimetundika mablanketi, nimesimamisha godoro ukutani, na bado nasubiri umeme ukatike, mtaa unyamaze. Betri ya sasa inanipa saa moja na nusu, maana kiboksi nacho kinakula humo humo.

Jana Baba mdogo alitaka kupiga na kuimba kwa pamoja. Tundu la maiki ni moja tu, na la pili ni la gitaa la umeme; udi wake hauna waya. Tukaweka maiki usawa wa kifua, hatua moja mbele yake, nikawa naisogeza vidole viwili chini, viwili juu, hadi sauti na nyuzi zikalingana. Akaanza. Beti mbili safi kabisa.

Ubeti wa tatu umeme ukarudi. Kwenye rekodi unasikika mtaa mzima ukishangilia, kisha feni.

Baba mdogo akaulaza udi kitandani. "Basi, mpaka wakate tena."