Mipira miwili shimoni

Wako wacheza gofu wanaoudharau uwanja mfupi, ule ambao kila shimo linatarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu. Wanauita wa watoto. Mjomba wangu hayumo. Yeye husema uwanja mrefu una pa kujifichia: ukiboronga mkwaju wa kwanza, wa pili utakuokoa. Kwenye uwanja mfupi mkwaju wa kwanza ndio kila kitu. Ufike kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, ubakiwe na miwili ya kusukuma, basi.

Ila Mjomba ana ugonjwa wake, nao ni kanuni.

Jioni hiyo tulikuwa watatu: mimi, dada yangu na yeye. Grini ya shimo lile imeinuka, kiasi kwamba ukisimama pa kuanzia unaiona bendera lakini chini yake huoni. Jua lilitupiga usoni. Nikachukua fimbo ya chuma namba 8, nikapiga. Mikono iliniambia mkwaju umetoka vizuri, lakini macho yaliupoteza mpira ukiwa bado unapanda.

Tulipofika, grini ilikuwa tupu. Tukatafuta nyuma yake, tukapekua nyasi ndefu, tukazunguka banka la mchanga. Mjomba hakutafuta sana. Alikuwa anaangalia saa. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira umepunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3, naye hakukusudia kuniongezea hata sekunde.

"Umepotea huo, mpwa wangu. Rudi."

Kurudi ni adhabu kweli. Unaongezewa mkwaju mmoja na unaanzia pale pale pa mwanzo, kwa hiyo mpira wa pili unahesabika kuwa mkwaju wa tatu. Nikaupiga, ukatua kwenye grini. Nikausukuma mara mbili, ukazama. Tano. Mjomba akaiandika kwa raha isiyofichika.

Bendera tulikuwa tumeiacha shimoni, maana siku hizi inaruhusiwa. Nikainama kuutoa mpira, vidole vikakuta miwili. Wa chini ulikuwa na nukta nyekundu niliyoichora kabla hatujaanza kucheza.

Dada akapiga kelele hadi watu wa shimo la jirani wakageuka. Mjomba hakutikisika.

"Dakika tatu zilipita," akasema. "Tano ni tano."

Dada akafungua kanuni kwenye simu. Mpira ukishaingia shimoni, shimo limekwisha. Yote niliyofanya baadaye, adhabu ikiwemo, hayahesabiki. Mjomba akaomba simu. Akaisoma ameishika mbali na macho, akairudia. Nilijiandaa kwa mabishano marefu, kwa sababu namjua.

Kumbe alikuwa amekumbuka desturi ya gofu isiyomo kwenye kitabu chochote cha kanuni: anayezamisha kwa mkwaju mmoja ndiye huwanunulia wenzake vinywaji. Akaifuta ile tano, akaandika moja, kubwa kuliko tarakimu zote kwenye kadi.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Hongera sana, mwanangu."

Mpwa nilikuwa nimeshapandishwa cheo.

Shimo lililofuata niliutia mpira mchangani, nikatoka kwa mikwaju sita. Siku nyingine Mjomba angenicheka hadi tufike nyumbani. Safari hii hakuwa na nafasi. Alikuwa anawapigia simu rafiki zake waje, na kila mmoja alimwambia asichelewe.