Jinsi nilivyomalizana na "let" ile inayozuia

Nina miaka tisa ya ukalimani wa mikutano ya injili, na neno lililonitoa jasho kuliko yote lina herufi tatu tu: let. Aliyefika darasa la tano anajua kwamba let ni kuruhusu. Let me go, niache niende. Nami nilijua hivyo, nikapanda nalo jukwaani Morogoro, uwanja umejaa.

Mhubiri alikuwa Mmarekani, mtu mzima, ameshika Biblia ya King James, ile tafsiri ya 1611. Akafungua Warumi 1:13, pale Paulo anapowaambia Warumi kwamba mara nyingi alikusudia kwenda kwao, "but was let hitherto". Nikatafsiri papo hapo: "lakini nikaruhusiwa hata sasa." Kumbe mahubiri yake yote ameyajenga juu ya neno hilo. Akalirudia kwa nguvu, "I was let!" Nami nikapaza sauti, "Niliruhusiwa!" Akapiga mimbari, akarudia. Nikarudia. Mara ya tatu watu wakaanza kutazamana. Kisha akasimulia safari yake: ndege iliahirishwa, viza ikachelewa, gari likaharibika njiani. Nikiwa katikati ya habari ya gari nikaanza kujiuliza, mtu aliyeruhusiwa anakwamaje hivi?

Safu ya mbele alikaa mama mmoja mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi upande wa sikio. Alikuwa amefungua Biblia yake ya Union, ile tafsiri ya Kiswahili, kidole kiko kwenye mstari, hakiondoki. Ibada ilipokwisha akaniita. "Mwanangu, njoo usome hapa." Nikasoma: "nikazuiliwa hata sasa." Akaniambia, "Mimi nimekusikia ukisema nikaruhusiwa. Sasa nimfuate nani?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Nisamehe mama, nitalitafuta," na usiku ule usingizi haukuja.

Ushauri nilioupata baada ya hapo bado unaniudhi. Mkalimani mwenzangu alisema mhubiri alikosea kusoma, na siku nyingine nimsahihishe kimyakimya. Mwalimu mmoja wa Kiingereza akasema ni kosa la chapa tu. Kosa la chapa! Mbona basi Isaya 43:13 inasema "I will work, and who shall let it?", na Union inasema "naye ni nani awezaye kuizuia?" Chapa haikosei mahali pengi hivyo, na kila mara kwa maana ileile. Ukiuliza jambo la lugha, usiridhike na mtu anayekujibu bila kufungua kitabu.

Mimi nilivifungua. Nilinunua kamusi kubwa ya Kiingereza ya mitumba, elfu kumi na kitu hivi, na humo nikakuta kwamba haya ni maneno mawili tofauti. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na lætan, kuacha au kuruhusu, na lettan, kuchelewesha au kuzuia. Hilo la pili ni ndugu wa late, yaani kumfanya mtu achelewe. Karne zikapita, matamshi yakasogeleana mpaka yakawa kitu kimoja, na mwisho lile la kuzuia likashindwa. Waingereza wenyewe siku hizi hawalitumii, isipokuwa mahali pachache. Pasipoti ya Uingereza inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", bila kizuizi chochote. Na kwenye tenisi, mpira wa kuanzishia ukigusa wavu kisha ukaangukia ndani ya mstari, mwamuzi huita let na mpira unarudiwa. Nilikuwa nikilisikia kwenye televisheni miaka yote nikidhani anaruhusu kitu.

Nilifurahi zaidi nilipogundua kwamba sisi nasi tunacho kitu kinachofanana na hicho. Ukimwambia mtoto "Acha!", umemkataza. Ukisema "Mwache aende", umemruhusu. Kwetu ni neno moja, kwao yalikuwa mawili, lakini hakuna Mswahili anayechanganyikiwa, kwa sababu anasikiliza kinachofuata.

Basi hapo ndipo nilipoipata mbinu yangu, na sikufundishwa na mtu. Let ya kuruhusu kwa kawaida haikai bila kitenzi kingine baada yake: let my people GO. Ile ya kuzuia haina. "Who shall let it", imekwisha. "Was let", imekwisha. Iangalie Kutoka sura ya 5. Mstari wa 1, "Let my people go", na Union inasema "Wape watu wangu ruhusa waende". Mstari wa 4, Farao anawauliza Musa na Haruni kwa nini "let the people from their works", Union: "mbona mnawaachisha watu kazi zao?" Sura moja, mistari miwili katikati, maana zimepishana kabisa! Jihadhari pia na let out, kama shamba la mizabibu katika Mathayo 21:33. Ile ni kupangisha, sawa na vibao vya To Let unavyoviona kwenye majengo Nairobi.

Tangu hapo aya ya Biblia siitafsiri kichwani. Mhubiri akitaja kitabu na mstari, nafungua Union naisoma kama ilivyo, kwa sababu waumini nao wanaifuata humo. Na kabla ya ibada namwomba orodha ya aya, hata kama ameziandika nyuma ya bahasha.

Mwaka uliofuata mhubiri yuleyule alirudi. Kwenye orodha yake nikaona 2 Wathesalonike 2:7, na moyo ukanidunda kwa furaha. Akasimama, akasoma polepole: "he who now letteth will let, until he be taken out of the way." Mkalimani mwenzangu, yule wa kusahihisha kimyakimya, alikuwa pembeni ya jukwaa, akanitazama kwa huruma. Nikasoma kwa sauti isiyotetereka: "lakini yuko azuiaye sasa, hata atakapoondolewa."

Nikaangalia safu ya mbele. Kidole cha mama kilikuwa kimekwishasogea mstari wa nane.