Siku moja jikoni mwa jahazi: Lamu hadi Mombasa

Saa 11 alfajiri. Maji yanakupwa, jahazi linateremka na mkondo kupita Shela. Kabla ya tanga kupandishwa nahesabu maji: tuko 8, lita 5 kila mtu kwa siku, kunywa na kupikia, yaani mitungi 2 ya lita 20. Kwa upepo mzuri wa kaskazi safari ni kama siku 2, lakini napakia mitungi 8. Upepo ukilala katikati ya Ghuba ya Ungwana, hakuna pa kununua maji.

Saa 12, chai ya tangawizi na mofa.

Saa 2 nawasha moto wa chakula cha mchana. Jiko ni kasha la mbao lenye mchanga kimo cha shubiri na mafiga 3, limefungwa kwa kamba upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, ili cheche zipeperukie baharini. Nazi napakia bila kufuliwa: hazipasuki, na makumbi yake ndiyo ya kuwashia.

Chungu kikubwa lazima kiive kabla ya adhuhuri. Kaskazi hushika kasi mchana, chombo kikainama, na sufuria iliyozidi nusu ikamwagika. Papa mkavu, gramu 700, namroweka nusu saa kwa maji ya moto, namwosha mara 2. Ukimroweka kwa maji ya bahari ili kubana matumizi, chumvi haitoki, na mabaharia watamaliza mtungi kwa kiu. Maji ya bahari ni ya kuoshea mchele, kilo moja na nusu, kisha suuza moja ya maji matamu. Wali hauhitaji chumvi tena.

Tui jepesi la nazi 3 linachemka na papa, kitunguu, nyanya na bizari. Tui zito mwisho, moto mdogo, mwiko hautulii. Likiachwa lichemke kwa nguvu linakatika. Ukwaju baada ya kuepua.

Saa 7 sinia zinatoka. Wa usukani anawekewa chake.

Saa 10, karibu na Ras Ngomeni, tope la Mto Tana limeisha na bahari ni buluu. Sasa ndipo mshipi wa kurambaza, wa kukokotwa nyuma ya chombo, unashushwa. Kwenye tope nguru haoni chambo.

Magharibi nguru anachomwa kwa chumvi na ndimu. Sikaangi: mafuta ya moto na wimbi la jioni ni hatari.

Saa 2 usiku namwagia jiko maji ya bahari, nachimbua mchanga kutafuta kaa lililojificha, kisha naweka kiganja chini ya kasha. Ubao ukiwa bado vuguvugu, naongeza ndoo nyingine.