Kanazawa: mvua, dhahabu na karatasi za Mama

Watu wa Kanazawa, mji wa Japani, wana msemo: sahau chakula, mwavuli usisahau. Mimi nilisahau vyote viwili. Nilishuka kwenye treni ya mwendokasi kutoka Tokyo, safari ya muda wa saa mbili na nusu hivi, nikalikuta paa kubwa la vioo mbele ya stesheni nikadhani ni pambo. Kumbe wamelijenga kumkinga mgeni na mvua. Ukitoka chini yake, shauri yako.

Hoteli za karibu na stesheni zilikuwa nafuu, ila nilishajiapiza kulala nyumba ya mbao upande wa Higashi Chaya, mtaa wa nyumba za chai za mageisha, wale wanawake wasanii wanaotumbuiza wageni kwa ngoma na muziki, tangu 1820. Ngazi zimesimama utadhani unakwea mnazi. Viatu mlangoni, mikeka ya tatami, godoro unatandika usiku na kulikunja asubuhi. Bibi mwenye nyumba aliniona nilivyolowa, akanyamaza. Asubuhi nikakuta mwavuli umeegemezwa kando ya viatu vyangu.

Nao ndio ulionifikisha bustani ya Kenrokuen. Ilikuwa katikati ya Novemba. Msonobari wa Karasaki, ambao huanza kufungwa kamba tarehe 1, ulikuwa tayari. Mafundi walishahamia miti mingine. Wanasimamisha nguzo ndefu kando ya shina, kisha kutoka kileleni wanashusha kamba hadi tawi moja moja, mti mzima unakuwa kama mwavuli usio na kitambaa. Theluji ya huku ina maji mengi, ni nzito, inavunja matawi. Nilisimama nikitazama mzee mmoja juu ya ngazi akifunga fundo, analivuta, halimridhishi, analifungua tena. Mitaa ya samurai ya Nagamachi niliipita mbiombio, soksi zimelowa.

Soko la Omicho lilikuwa limejaa kaa. Majike wadogo wenye mayai, bei inavumilika. Madume niliyaangalia kwa macho tu.

Sasa dhahabu. Mama alishaniagiza kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huko kwenye dhahabu usirudi mikono mitupu." Karibu karatasi zote za dhahabu za Japani hutengenezwa mji huu, zikifuliwa hadi unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kwenye karakana moja fundi aliinyanyua moja kwa koleo la mwanzi, ikajikunja. Akapuliza katikati, pumzi moja tu, ikalala imenyooka. Nilijikuta nami nimebana pumzi.

Aiskrimu iliyofunikwa dhahabu nilinunua, karibu yeni 1,000. Haina ladha ya ziada hata kidogo, na midomo ilining'aa hadi jioni. Kilichoniteka kilikuwa kwenye kona ya duka: vibunda vya karatasi za kufutia mafuta usoni. Asili yake ni zile karatasi ambazo dhahabu hufuliwa katikati yake. Zikipigwa sana zinalainika na kunyonya mafuta, na mageisha walizipenda. Bei rahisi, mzigo mwepesi. Nikachukua vibunda vitano.

Jana nimempa Mama. Akageuza kibunda huku na huku. "Dhahabu yenyewe iko wapi?" Nikamweleza yote, fundi na pumzi yake. Akachomoa moja, akajipangusa pua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Lete nyingine," akasema.